Mwizi Hapimi Uzito

"Hilo lisikudanganye," alisema Bi. Noreen Duggleby, mwenye yadi ya magari ya mtumba pembeni mwa mji wa Beverley. "Lina sura tu. Ulifungie karavani, mlima wa kwanza litakutia aibu mbele za watu."

Sajini Hilary Oxtoby aliondoa mkono kwenye boneti ya lile gari jekundu. Alikuwa amevaa koti la mvua la kawaida, na mpaka hapo alikuwa mteja tu, mama wa watoto wawili anayetafuta gari la familia lililotumika, la kukokota karavani ya kilo elfu moja na mia nne. Uongo wenyewe haukuwa mkubwa. Watoto alikuwa nao kweli. Karavani ndiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya mzee Wilf Garbutt wa Hornsea, nyumba ndogo ya magurudumu ambamo yeye na mkewe walikuwa wakilala likizo zao zote, na ilikuwa imeibwa Alhamisi.

Kituoni kila mtu alishaamua nani kaiiba. Mzee Wilf mwenyewe alimtaja mume wa binti yake, Damian Sowerby. "Kikulacho ki nguoni mwako," aliandikisha mzee, na akataka neno hilo liandikwe hivyo hivyo. Damian alikuwa amenunua gari refu la kijivu kwenye yadi hii hii majuzi, akalifunga chuma cha kukokotea, na mlinzi wa maegesho ya karavani aliona gari refu la kijivu likitoka na karavani ya mzee. Inspekta Lofthouse alitaka kumfungulia kijana mashtaka alasiri hiyo. Oxtoby aliomba apewe asubuhi.

"Kwa nini lisifae?" aliuliza. "Injini kubwa, matairi mapya."

Bi. Duggleby alifungua mlango na kumwonyesha kibao kidogo cha bati kwenye fremu. "Soma hapa. Huu uzito wa gari likiwa limejaa. Sasa nionyeshe uzito wa gari pamoja na kinachokokotwa."

"Sioni."

"Huuoni kwa sababu haupo. Waliolitengeneza hawakuliruhusu likokote hata toroli. Watu wanaangalia rangi, wanaangalia redio, hiki kibao hawakiangalii. Halafu wanakuja kunililia mimi. Twende, mama, nikuonyeshe la maana."

La pili lilikuwa la bluu, dizeli, na lilionekana imara. Oxtoby alisema analipenda.

"Na mimi nalipenda, nimekaa nalo tangu Krismasi," alisema Bi. Duggleby. "Lina kilo elfu moja mia tano na ishirini. Karavani yako isizidi asilimia themanini na tano ya uzito wa gari. Hilo si la sheria, ni la akili. Mkia ukiwa mzito kuliko mbwa, mkia ndio utamtikisa mbwa. Mwezi uliopita nilitaka kumuuzia kijana mmoja, karavani yake ilikuwa na uzito kama wa yako. Akatoa simu, akapiga hesabu, akaniambia ni asilimia tisini na mbili. Nikamwambia, baba, wengi wanakwenda hivyo hivyo. Akasema wengi hawambebi anayembeba yeye."

Oxtoby alitoa kitambulisho chake. Bi. Duggleby alikitazama bila kushtuka.

"Nilijua tu. Mnunuzi hutazama bei kwanza. Wewe hata hujaiuliza."

"Kijana huyo ni Damian Sowerby?"

"Ndiye. Alinichosha Jumamosi tatu nzima."

"Alikuwa anauliza nini?"

"Bora uulize hakuuliza nini! Klachi ina umri gani. Hili linapandaje mlima kutoka Whitby. Chuma kinabeba uzito gani wa shingo ya karavani, pale mbele inapofungwa. Mara ya pili alikuja na mizani ya bafuni, nikadhani anataka kujipima yeye. Kumbe alikwenda kupima shingo ya karavani, akarudi na kilo zake kwenye kikaratasi."

Oxtoby hakulipenda jibu hilo hata kidogo. Kwa hiyo Damian aliifikia karavani ya mkwewe kabla haijaibwa, akaipima bila mwenyewe kujua. Lofthouse angelipokea neno hilo kama zawadi.

"Na lile la kijivu alilipendea nini?"

"Uzito, kilo elfu moja mia saba. Na mlango wa nyuma." Bi. Duggleby alicheka. "Huyo kijana ana vituko. Aliingia kiti cha nyuma, akatoka, akaingia tena, polepole, ameshika kiuno kama bibi kizee. Nikamuuliza, una nini? Akasema anajaribu mlango. Mafundi wangu walilala chini kwa kicheko."

"Chuma mlifunga nyie?"

"Hapa hapa. Kirungu kipya, lile tufe la chuma la kunasia shingo ya karavani, cheusi, kikitoka kwenye karatasi yake. Nikamwonya kabisa kwamba shingo ya karavani ile ina breki ndani, inakibana kirungu ili karavani isiyumbe. Lazima ukwangue rangi mpaka uone chuma cheupe kabla ya safari ya kwanza. Ukiiacha, breki zinateleza na kulia kama nguruwe, na rangi yenyewe inachubuka siku hiyo hiyo."

"Alikwangua?"

"Nilimpa na msasa. Alisema hiyo kazi ina mtu wake."

Damian Sowerby aliishi kwenye nyumba za matofali mekundu nyuma ya shule. Alikuwa fundi wa mabomba, mrefu, na siku nne za kutazamwa kwa jicho baya na majirani zilikuwa zimemkondesha uso. Alimfungulia Oxtoby mlango bila kumkaribisha chai, na katika sehemu zile hiyo ilikuwa namna ya kutukana.

"Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kuona gari."

"Wameshaliona wenzako. Wamelipekua mpaka wamekula biskuti za watoto."

Gari la kijivu lilikuwa mbele ya nyumba. Oxtoby alipiga magoti kwenye lami yenye maji na kukitazama kirungu kwa tochi. Kilikuwa cheusi tii. Alikizungusha kidole pande zote, juu, chini na ubavuni pale shingo ya karavani inapobana. Rangi ilikuwa nzima, laini, bila mkwaruzo hata mmoja. Alama za chaki ya njano ambazo mafundi wa Bi. Duggleby huziweka kwenye boliti zilikuwa bado zimenyooka.

Alisimama, akapiga simu kituoni.

"Gari hili halijawahi kukokota karavani ile," alimwambia Lofthouse. "Rangi ya kirungu haijaguswa."

"Rangi inapakwa, Oxtoby. Kopo moja na brashi. Nyumbani kwa fundi usiniambie hakuna kopo la rangi."

"Na mizani, bwana? Mwizi anataka gari la kumtoa getini na kumfikisha anakoficha. Hajali kama ni asilimia themanini au mia. Huyu alikataa gari zuri kwa sababu ya asilimia saba. Mwizi hapimi uzito."

"Labda ni mwizi mwangalifu. Una mpaka saa tisa."

Alikata. Oxtoby alimgeukia Damian, ambaye alikuwa ameegemea ukuta akijifanya hasikii.

"Nani ana maumivu ya kiuno?"

"Nini?"

"Uliingia na kutoka kiti cha nyuma umeshika kiuno. Ulikuwa unamwigiza nani?"

Kijana alitazama pembeni. Masikio yalimwiva. "Mama mkwe," alisema mwishowe. "Beryl. Kiuno chake kibovu, milango midogo inamtesa."

"Endelea."

"Niendelee nini? Mzee kaacha kuendesha tangu daktari wa macho amkataze. Karavani imelala. Beryl hajaiona bahari ya Northumberland mwaka wa pili sasa, na hakuna kitu anachokipenda kama ile bahari. Hasemi, lakini kila Pasaka anafua mapazia ya karavani, anapiga pasi, anayarudisha kwenye kabati lao kule maegesho. Nikasema nitafute gari la kuwakokotea. Siku yake ya kuzaliwa ni Jumapili hii. Ilikuwa iwe zawadi."

"Mbona hukuwaambia polisi?"

"Mtu ameshakuita mwizi mbele ya mkeo, halafu umwambie ulikuwa unamwandalia zawadi? Angenicheka. Yeye anasema siwezi kurudisha nyuma hata toroli la bustani. Nilimgongea ua wake wa waridi nikirudisha gari nyuma siku ya harusi yangu, na mpaka leo ananihesabia yale maua."

Alisema kwa hasira, lakini sauti ilimkatika kwenye maua. Oxtoby alimwonea huruma, na kwa kuwa huruma haikubaliki mahakamani, aliendelea na kazi.

"Fungua buti."

Ndani ya buti, chini ya koti la mtoto, kulikuwa na kibao cha namba cha njano. Namba ilikuwa ya gari lile lile la Damian. Bado kilikuwa ndani ya nailoni ya dukani, gundi ya nailoni haijabanduliwa.

"Wenzako walikiona," alisema Damian. "Wakatazamana kama wamepata maiti. Ni cha karavani! Karavani lazima ivae namba ya gari linaloikokota, kila mtu anajua."

"Kila mtu anajua," alirudia Oxtoby polepole. Alikigeuza kile kibao mkononi. Kama hiki hakikutoka kwenye nailoni, karavani ilipita getini imevaa namba gani?

Maegesho ya karavani yalikuwa kwenye shamba la zamani, njia ya kwenda baharini. Karavani nyeupe zilipangwa safu kwa safu nyuma ya uzio. Mlinzi, Cyril Hebblewhite, alikuwa mstaafu aliyeanza kazi pale baada ya Pasaka, na kibandani mwake kulikuwa na birika, redio, na picha yake na mkewe mbele ya karavani yao wenyewe. Kamera ya getini ilikuwa imekufa tangu dhoruba ya majira ya baridi.

"Nimeshasema yote," alisema, akimmiminia chai yenye maziwa. "Gari refu la kijivu. Dereva ana kofia. Lina kibandiko cha maegesho yetu kiooni. Nilipunga mkono, likapita."

"Kulikuwa na jambo lolote lisilo la kawaida?"

"Hakuna."

"Lolote. Hata dogo."

"Binti yangu, nimekokota karavani tangu nina nywele. Kungekuwa na jambo ningeliona. Vioo virefu vya pembeni vilikuwepo. Taa zinawaka. Namba sawasawa."

Oxtoby aliweka kikombe chini. "Sawasawa namna gani?"

"Ya gari mbele, ya karavani nyuma. Zinafanana."

"Una hakika?"

Mzee Cyril alionekana kuudhika, kama mpishi aliyeulizwa kama ametia chumvi. "Ndicho kitu cha kwanza jicho langu linakwenda. Mtu akitoka na namba tofauti namsimamisha. Wiki iliyopita nimemsimamisha mwalimu mkuu mzima, nikamrudisha nyumbani akatafute kibao chake."

"Namba yenyewe unaikumbuka?"

"Siikumbuki. Namba zikifanana, nani anazisoma? Zikitofautiana ndiyo utazisoma."

"Na polisi wenzangu walikuuliza hilo?"

"Waliniuliza kama kuna la ajabu. Nikawaambia hakuna. Hakukuwa na la ajabu."

Oxtoby alitamani kumbusu. Alimshukuru tu, akakimbilia gari lake, na mzee Cyril akampungia mkono kama anavyowapungia wote.

Wilf Garbutt alimpokea mlangoni akiwa na soksi na tai. Alikuwa mtu wa kuvaa tai hata siku za msiba wake. Beryl alikuwa amekaa karibu na dirisha, mguu juu ya kigoda, na mezani palikuwa na keki ambayo hakuna aliyeikata.

"Mmemkamata?" aliuliza mzee.

"Mzee Wilf, gari lako la zamani lilikuwa la rangi gani?"

"Gari gani? Nimeshauza."

"Rangi."

"Kijivu. Kijivu kama nusu ya magari ya nchi hii."

"Uliuza lini, kwa nani?"

"Mwezi wa pili. Kijana mmoja wa upande wa Goole. Aliona tangazo. Mpole, alikunywa chai hapo hapo ulipokaa. Sasa hilo linahusu nini? Maji yakimwagika hayazoleki."

"Ulimpa na chuma cha kukokotea?"

"Chuma, vioo virefu, kila kitu. Ningevifanyia nini?"

"Kibandiko cha maegesho kilibaki kiooni?"

"Kilibaki," alisema mzee.

"Na ufunguo wa akiba wa kufuli la shingo ya karavani, ulikuwa ukiuweka wapi?"

Safari hii aliyejibu alikuwa Beryl. "Kwenye dashibodi, ndani ya mfuko wa miwani ya zamani. Kila mwenye karavani anauweka kwenye gari, mwanangu. Ukifika bahari iko mbele yako na ufunguo uko nyumbani, utalia." Kisha akaweka mkono mdomoni. "Wilf. Uliutoa ule mfuko?"

Wilf Garbutt alikaa chini.

"Swali la mwisho," alisema Oxtoby, taratibu sasa. "Karavani ilikuwa bado imevaa namba ya gari ulilouza?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukukichomoa kile kibao? Ni kazi ya dakika."

Mzee alitazama mikono yake. "Nilikwenda kukichomoa. Nilipanda basi nikaenda. Nikasimama nyuma yake na bisibisi mkononi." Alikohoa. "Ile ndiyo ilikuwa namba yangu. Nikikitoa, basi imekwisha, mimi si dereva tena. Nikarudi, nikakiacha pale pale. Nilishindwa, basi."

Oxtoby alitoka nje, akaomba kituoni wamtafutie mmiliki mpya wa gari la zamani la Garbutt. Konstebo wa Goole alitumwa kwenye anwani. Kabla ya saa tisa simu ililia. Nyuma ya ghala la mashine, chini ya turubai, ilikutwa karavani nyeupe, na mbele yake gari refu la kijivu, namba zao zikifanana. Kijana mpole alipoulizwa ufunguo aliupata wapi, alisema ulikuja na gari.

Oxtoby aliporudi sebuleni kuwaambia, aliwaambia pia habari ya mizani ya bafuni, ya asilimia tisini na mbili, na ya mtu mzima aliyeingia na kutoka kiti cha nyuma mbele ya mafundi wanaomcheka, ameshika kiuno. Beryl alianza kucheka, kisha akalia, kisha akafanya vyote viwili.

"Kikulacho kilikuwa kwenye dashibodi yako, Wilf," alisema, akijifuta macho. "Nenda ukachukue viatu."

"Viatu vya nini?"

"Vya kwenda kuomba radhi. Au utakwenda na soksi?"

Damian alikuwa nje akiosha gari, ambalo halikuwa chafu, gari la Oxtoby lilipowashusha wazee. Alinyooka, sifongo mkononi. Wilf alimpita, akaenda nyuma, akainama kwa shida mpaka macho yake mabovu yakakikaribia kirungu.

"Kina rangi," alisema.

"Najua."

"Breki zitalia njia nzima. Hukuambiwa kukwangua?"

"Niliambiwa."

"Sasa mbona hukukwangua?"

"Nilikuachia wewe," alisema Damian. "Jumapili. Nilidhani utapenda kuifanya mwenyewe."

Mzee alipitisha kidole juu ya rangi. "Nilikutenda vibaya, kijana," alisema akikiambia kirungu. "Vibaya sana. Leta msasa."

Alikwangua mwenyewe, akiwa amepiga magoti juu ya gunia, mpaka chuma kikawa cheupe pande zote. Damian alimshikia tochi. Hakuna aliyetaja waridi. Beryl, ambaye hakungoja kukaribishwa, alifungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa, akatoka, akaingia tena. "Haunibani popote," alitangaza.

Jumapili polisi waliruhusu karavani ichukuliwe. Oxtoby hakuwa na sababu ya kazi ya kuwa pale kwenye maegesho ya Hornsea siku hiyo, lakini alikuwepo, amesimama kibandani na kikombe cha chai ya mzee Cyril. Aliwaona wakitokea barabarani na karavani nyuma yao, Damian kwenye usukani ameshika kwa mikono miwili, Wilf pembeni yake akimwelekeza kwa kidole, Joanne, mke wa Damian, na watoto wamebanana nyuma na bibi yao. Walikuwa wamekuja kuchukua mapazia kwenye kabati la maegesho, kisha waende Northumberland.

Kibao kipya cha njano kilikuwa mahali pake. Kile cha zamani Wilf alikichomoa kwa mkono wake mwenyewe kule Goole, na sasa kilikuwa mapajani mwake kimefungwa kwa leso.

Walipotoka, mzee Cyril aliinuka kwenye kiti. Jicho lake lilikwenda mbele ya gari, likaenda nyuma ya karavani.

"Kuna la ajabu?" aliuliza Oxtoby.

"Hakuna," alisema mzee Cyril, akapunga mkono, na kutoka kiti cha nyuma Beryl akampungia.